Kushoto ni Upande wa Mwizi

Asubuhi hiyo mshona magodoro alikuwa na kazi ya kuloweka. Mteja alimletea kava za magodoro ya nyumba nzima, za kitambaa kizito chenye mistari, na kava kama hizo huwezi kuzishona upya kabla ya kuzitoa jasho la watu. Akakandamiza kizibo cha hodhi la kuogea kwa kidole gumba cha mguu, akafungulia maji, na hodhi lilipofika nusu akaenda jikoni kuchukua sabuni ya unga. Aliporudi, mumewe alikuwa amekaa ndani ya hodhi, magoti yamechomoza juu ya maji, anapapasa ukingoni.

"Jiwe la kusugulia visigino umeliweka wapi?" akauliza.

"Nimempa jirani."

"Hata kaburi halijakauka, jiwe limeshagawiwa!"

"Nilijua hutalihitaji tena, mzee." Akaweka sabuni chini. "Nitakwenda kuliomba."

Mumewe alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Alikuwa mpaka rangi, ngazi ikamteleza kwenye ghorofa aliyokuwa akiimalizia, na watu wengi walikuja kumzika kwa sababu nyumba nyingi za mji ule zilikuwa na mkono wake. Sasa alikuwa amevaa bukta yake ya kazini yenye madoa ya kila rangi. Alisema maji ni ya baridi. Mkewe akachemsha birika, akalimimina upande wa miguu, kisha akazichukua kava za mteja akaziloweka kwenye ndoo.

Hodhi lenyewe lilikuwa la chuma, limepakwa enameli nyeupe, lina miguu iliyopinda na uzito wa ng'ombe. Mpaka rangi alilipata kwenye hoteli kongwe iliyokuwa ikibomolewa, akalileta kiwanjani kabla hata msingi haujachimbwa. Watu wakacheka. Wenzao huanza na tofali, wao walianza na hodhi. Nyumba ikajengwa kulizunguka, chumba baada ya chumba. Magodoro aliyoshona mke yakawa kuta, kuta alizopaka mume zikawa mabati, na Jumapili mke alikunja sketi akachanganya zege mwenyewe. Ilipofika zamu ya mlango wa bafuni, mlango ulitoka mwembamba kuliko hodhi. Hilo halikumsumbua mtu, maana nani angefikiria kulitoa?

Utaratibu waliuelewa siku hiyo hiyo. Maji yalipokuwamo, mume alikuwamo. Mke alipoinua kizibo ili asafishe hodhi, mume aliondoka pamoja na maji, miguu ikitangulia, akilalamika kwamba hajamaliza kuongea. Kesho yake hodhi likijazwa, alirudi na kuendelea na sentensi aliyoiacha. Mshona magodoro akauhamishia mkeka wake wa kushonea mlangoni pa bafu, sindano ndefu mkononi, pamba magotini, na wakaongea kuliko walivyoongea mume akiwa hai. Zamani mume alikuwa akirudi amechoka, anaoga, analala. Sasa hakuwa na pa kwenda.

Shida ilikuwa kizibo. Kilivuja. Asubuhi mume alikuwa mzima mpaka kifuani, lakini ikifika saa ya chakula maji yalikuwa yamepungua naye amepungua, na alasiri alibaki kichwa na mabega kwenye maji ya kina cha kiganja, bado anazungumza.

"Kikaze," kichwa kikasema.

"Kimekazwa tangu siku tulipokiweka, ndiyo sababu kimeharibika," akajibu mkewe. "Mpira wa chini umelika. Itabidi nikitoe."

Mume akaangalia ukuta.

Hapa inafaa kusema jambo kuhusu ukoo wa mume. Baba yao alikuwa mlinzi wa ghala maisha yake yote, na aliwafundisha wanawe kwamba kila kitu duniani huzungushwa kulia. Kulia ni kufunga, na kufunga ni uungwana. Kushoto ni upande wa mwizi. Basi katika nyumba zao chupa zilivunjwa shingo, makopo yakatobolewa kwa msumari, na bomba likishafungwa barabara liliachwa hivyo hivyo, watu wakateka maji kwa majirani. "Kaza kwanza," mzee yule alikuwa akisema. "Kinachotaka kufunguka kitafunguka chenyewe." Siku ya kwanza mshona magodoro kupelekwa ukweni, akiwa msichana asiyejua hili wala lile, alipewa chupa ya soda, akazungusha kifuniko kushoto mbele ya wakwe zake wote, akanywa. Ukimya wa siku ile haukumwacha katika miaka yote ya ndoa yake. Mumewe hakuwahi kumtetea. Ila kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimpa mkewe chupa ya tapentaini amfungulie, na wakati akifungua, yeye aliangalia pembeni.

"Nikikitoa utarudi?" mkewe akauliza.

"Sijui. Mara zote nimerudi."

"Mara zote kizibo kilikuwa hiki hiki."

Kichwa kikafikiri. "Basi chagua mpira mzuri," kikasema.

Mshona magodoro aliogopa. Siku aliyomkuta hodhini hakuogopa, lakini siku hii alikishika kizibo akakiachia mara mbili. Alikuwa amemzika mara moja na hakutaka kumzika mara ya pili kwa bisibisi. Akainua kizibo. Maji yaliyobaki yakazunguka yakashuka, na mume akashuka nayo.

Alikishika kitufe cha juu, akakizungusha kushoto mpaka kikatoka. Chini yake palikuwa na skrubu ya shaba iliyosimama katikati ya tundu, imeshikwa na vyuma viwili vilivyopishana kama msalaba. Nayo akaizungusha kushoto kwa bisibisi, polepole, akaiweka juu ya gazeti pamoja na kitufe, kwa mpangilio ule ule vilivyotoka, maana kitu ukikifungua bila kukumbuka mpangilio hukifungui, unakiharibu. Kisha akaingiza tunduni sindano yake iliyopinda, ile ya kushonea kingo za godoro, akavuta. Kilitoka kitita cha nywele. Zake ndefu na za mumewe fupi zilikuwa zimesokotana hata usingeweza kuzitenganisha, na ndani yake mlikuwa na magamba ya rangi: njano ya zahanati, kijani cha shule, samawati ya duka la vitambaa, nyeupe za nyumba nyingi. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa imepitia hapo. Hakuzitupa. Alizikunja ndani ya kitambaa, akaziweka kwenye kopo la vifungo.

Akasugua tundu kwa siki na mswaki mkuukuu mpaka shaba ikang'aa. Akauweka mpira uliolika juu ya kipande cha tyubu ya baiskeli, akauchora kwa chaki ya cherehani, akakata. Akapaka grisi kidogo. Akairudisha skrubu kwa vidole, kulia safari hii, mpaka ikashika, halafu akaongeza robo mzunguko kwa bisibisi, akaacha. Shaba ni laini. Ukiilazimisha, meno ya hesi zake huumana na haitoki tena.

Akajaza maji. Hodhi lilifika nusu, hakuja mtu. Likafika robo tatu, hakuja mtu. Mshona magodoro akafunga bomba, akamimina birika la maji ya moto, akakaa juu ya kigoda na mikono mapajani. Alikaa mpaka mvuke ukaisha juu ya maji. Ndipo kidole gumba cha mguu kikachomoza, kikafuatwa na mguu, na mguu ukafuatwa na mume.

"Umekawia," mkewe akasema.

"Bombani kuna foleni." Akakibonyeza kizibo kwa kisigino. "Safi. Umefanya kazi, fundi."

Tangu siku hiyo halikupotea hata tone.

Shemeji mkubwa alikuja na wifi baada ya matanga kwisha. Shemeji huyu alikuwa muuza makufuli, mwenye duka lake karibu na kituo cha mabasi, na mkononi alikuwa na kufuli jipya kwenye boksi. Walikaribishwa chai. Waliposikia sauti ya maji wakaenda bafuni kumwamkia mwenzao, kama ilivyo adabu.

"Pole, mdogo wangu," akasema shemeji mkubwa.

"Nimeshapoa, kaka."

Wakarudi sebuleni, wakakaa. Wifi akanywa chai yake yote kabla ya kusema neno. Hakuwa mtu mbaya kwa sura.

"Wifi," akaanza, "tumekuja kuhusu nyumba. Siku chache kabla ya kufariki, kaka alipita kwangu. Akaniambia, dada, mimi sina mtoto, nikiondoka nyumba irudi kwenye ukoo. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na mimi siwezi kuyameza."

"Sikusema hivyo!" sauti ikatoka bafuni.

"Ulisema."

"Dada, mimi ndiye ninayesemewa, na nasema sikusema. Nyumba ni ya mke wangu. Tofali la kwanza alilibeba yeye."

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema wifi kwa huzuni.

"Mimi sijamwagika bado!"

Shemeji mkubwa akasafisha koo. Alisema jambo la namna hii halifai kusemwa kwa kupigiana kelele kati ya sebule na bafu, liende kwa msuluhishi wa mtaa. Akaliacha kufuli juu ya meza, ili kupunguza safari. Mshona magodoro akaliangalia kufuli lile mpaka wakaondoka. Kufa kufaana, akajisemea, lakini wengine hata hawangoji chai ipoe.

Msuluhishi wa mtaa alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya reli, mtu wa haki, asiyekula cha mtu. Kwa kuwa shahidi mmoja hakuweza kutoka kwenye maji, alikubali kusikiliza shauri bafuni. Alikaa juu ya kapu la nguo chafu. Shemeji na wifi walisimama upande wa dirisha, mshona magodoro mlangoni, na majirani wakajaa ukumbini, wenye shingo ndefu mbele.

Wifi alitoa ushahidi wake, akalia mahali pa kulia. Msuluhishi akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha shemeji akasema yake.

"Mzee, mimi sina mengi. Ninauliza jambo moja tu. Mwanamke huyu tangu aingie kwenye ukoo wetu anazungusha vitu kushoto. Alianza mbele ya marehemu baba, na chupa ya soda. Juzi juzi hapa amekitoa kizibo cha hodhi hili hili, kushoto, na mwenzake akiwa bado yumo bombani. Mtu wa namna hiyo atakabidhiwaje nyumba?"

Ukumbini watu wakanong'ona. Msuluhishi akamgeukia marehemu.

"Ni kweli mkeo anazungusha kushoto?"

Mpaka rangi akayaangalia magoti yake. Miaka yote swali hilo lilipoulizwa mezani, kwenye harusi, kwenye misiba, alikuwa na shughuli nyingine ya kufanya. Sasa alikuwa ndani ya maji, hana mlango wa kutokea.

"Ni kweli," akasema. Kisha akainua uso. "Na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa chupa. Kila siku ya Mungu. Nimekula kwa mkono wake wa kushoto miaka yote, nikiangalia pembeni kama mwoga. Nyumba hii isingekuwa na hata kopo moja la rangi lililofunguliwa bila yeye. Ni yake. Nasema mbele yenu nyote, nikiwa na akili zangu timamu, ingawa nimekufa."

Wifi akafuta macho. Maneno hayo mshona magodoro aliyangoja tangu ile siku ya chupa ya soda, na yalikuwa yamefika, yamelowa, lakini yamefika.

Msuluhishi aliongea kwa upole.

"Nimemsikia marehemu. Amesema vizuri, hakuna asiyemsikia. Na maneno ya marehemu kwetu yana uzito mkubwa sana. Ndiyo maana ni lazima yaletwe na mtu aliye hai. Dada yake ameyaleta, yupo hai, tunamwona. Marehemu mwenyewe ni jamaa aliyekwisha kuzikwa. Kesho akibadili mawazo, nitamwita nani? Nyumba itakwenda kwa ukoo. Mjane ataondoka mwisho wa mwezi. Atachukua vyombo vyake vya ndani, pamoja na vilivyomo ndani ya vyombo hivyo."

Majirani wakaguna, baadhi wakasema kweli mzee kapima. Mshona magodoro hakulia. Aliuliza swali moja.

"Hodhi ni chombo?"

Msuluhishi alifurahi kuwa na kitu cha kumpa. "Hodhi ni chombo," akasema.

Mambo yangeishia hapo kama marehemu angenyamaza. Hakunyamaza. Dirisha la bafu lilikuwa linaangalia njia ya kwenda sokoni, na tangu siku hiyo kila aliyepita alisikia: "Nyumba ni ya mke wangu!" Alisema kwa utaratibu, bila matusi, kama mtu anayetangaza bei ya samaki. Watu waliokwenda kununua makufuli kwa shemeji mkubwa wakawa wanamuuliza habari za nyumba kabla ya kuuliza kufuli. Biashara ilimwendea vibaya kidogo, na usingizi zaidi.

Akaamua kumtoa. Si kwa ubaya. Alisema mdogo wake amekaa vya kutosha, ana haki ya kupumzika. Alikuja na wifi, na plaisi kubwa la duka. Mshona magodoro alikuwa anashona mlangoni. Hakuwazuia kuingia, kwa sababu walikuwa wageni.

"Kwa nini tusimchote kwa ndoo?" wifi akauliza.

"Mtu hachotwi kwa ndoo," akasema shemeji mkubwa, akiona aibu kwa niaba yake. "Atapita njia yake ya kawaida. Kizibo kikitoka, maji yatatoka. Mdogo wangu, samahani."

"Bila samahani, kaka."

Shemeji akakunja shati, akaingiza mkono majini katikati ya miguu ya mdogo wake, akakibana kitufe cha kizibo kwa plaisi, maana hakujua kwamba kizibo huinuliwa tu. Akazungusha kulia. Kilikuwa kigumu. Akazungusha tena, kulia, meno nje, mishipa ya shingo imesimama. Kitu kikalia chini, krrr, mlio wa shaba inayoumana na shaba. Mshona magodoro aliinua uso kwenye ushonaji wake. Aliujua mlio ule, na angeweza kusema neno moja tu likatosha. Akatia uzi mwingine kwenye sindano.

"Kinasogea?" wifi akauliza.

"Kinasogea."

Alizungusha mpaka plaisi likateleza likamkata kidole. Kizibo kilikuwa kimezama kwenye tundu, mpira umebanwa usibaki upenyo wa kupita hata pumzi, na skrubu imeumana na msalaba wake milele. Wakasubiri maji yashuke. Wifi akakaa juu ya kapu la nguo. Maji hayakushuka.

"Kimekaza," akasema shemeji mkubwa, akinyonya kidole, na hakuweza kuficha fahari kidogo katika sauti yake. Baba yake angempigia makofi.

"Asante, kaka," akasema marehemu. "Nilikuwa na wasiwasi nacho."

Mwisho wa mwezi ulifika kama unavyofika. Mshona magodoro alikuwa amefunga sindano zake, cherehani, sufuria, na kopo la vifungo. Wapagazi wa sokoni walikuja na mkokoteni. Shemeji mkubwa naye alikuwapo na kufuli lake, wifi na funguo, na msuluhishi alipita kuona kwamba kila kitu kinakwenda kwa amani.

Kwanza mshona magodoro alipiga magoti chini ya hodhi na spana, akaifungua nati ya bomba la kutolea maji. Aliizungusha kushoto, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima. Wifi akageuza uso. "Mnaona wenyewe," akasema shemeji kwa majirani, lakini majirani walikuwa wanaangalia nati. Ilipotoka, mshona magodoro aliinyanyua juu ili kila mtu aione, akaitia mfukoni.

Kisha wapagazi wakasema hodhi halipiti mlangoni.

"Najua," akasema mshona magodoro. "Lilikuwapo kabla ya mlango."

Akachukua nyundo. Ukuta ule wa bafu alikuwa ameujenga yeye, alijua tofali lipi lilipungukiwa saruji. Pigo la kwanza liliangusha plasta, na chini ya plasta zikaonekana alama za vidole vyake, vya ujana, alivyosawazishia saruji. Zilimuuma. Hakuacha. Akapiga tena, na tena, mpaka mwanga wa barabarani ukaingia bafuni na vumbi likatua juu ya maji, na marehemu akapiga chafya.

"Unabomoa nyumba yetu!" shemeji akapiga kelele. "Mzee, unaona? Anabomoa nyumba ya ukoo!"

Msuluhishi akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki. "Anatoa chombo chake," akasema, "pamoja na kilichomo ndani yake. Niliamua hivyo. Nyumba mmepata. Sikusema mtaipata na kuta zote."

Wapagazi walilibeba hodhi na maji yake na mtu wake, wakalitoa kwenye tundu la ukuta, wakaliweka juu ya mkokoteni, na magurudumu yakazama ardhini. Mmoja wao alimwomba marehemu akae katikati ili mzigo usiegemee upande, naye akakaa katikati. Mshona magodoro alitembea pembeni ameshika ukingo, vumbi kichwani, na hakuangalia nyuma hata mara moja. Alilia, lakini alilia akitembea. Marehemu alikuwa akizisalimu kuta alizozipaka rangi, akisema ule unahitaji mkono wa pili, ule wamempa mtu mwingine na amewaharibia. Kila walipofika kwenye makutano ya njia alisimama wima ndani ya hodhi, maji yakimchuruzika kwenye bukta, akatangaza nyumba ni ya nani, kisha akakaa.

Walihamia kwenye chumba cha kazi ambacho mshona magodoro alikipanga, fremu moja katika safu ya fremu za maduka, baina ya fundi viatu na muuza vioo. Hodhi halikuingia humo pia, likabaki barazani chini ya bati. Mshona magodoro analala ndani, juu ya magodoro ya watu, na anayarudisha asubuhi. Si maisha mabaya kwa mtu aliyewahi kuyaona mabaya. Lakini si nyumba. Mvua ikinyesha kwa upepo, anakaa macho ameshika beseni, na anakumbuka kila bati la kule, lipi lilipigiliwa na nani.

Kule kwenyewe shemeji mkubwa amehamia na familia yake. Tundu la ukuta ameliziba kwa bati, bati limefungwa kwa kufuli. Bomba la jikoni lilikwisha kufungwa barabara siku ya kwanza, kwa hiyo wanateka maji kwa majirani. Hati imeandikwa jina lake.

Kila siku asubuhi akienda dukani, shemeji mkubwa hupita mbele ya baraza ile, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kufika kituo cha mabasi. Hupunguza mwendo. Huvua kofia.

"Umeamkaje, mdogo wangu."

"Salama, kaka. Nyumba ni ya mke wangu."

"Najua," hujibu shemeji. "Siku njema." Kisha huvaa kofia yake, huenda kufungua duka, na jioni hurudi kulala kwenye nyumba.

Siku moja, alipokwisha kupita, mshona magodoro aliweka sindano chini akamtazama mumewe. Ngozi yake ilikuwa imekunjamana mwili mzima kwa kukaa majini. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekosa usingizi tangu afe. Wenzake waliozikwa karibu naye, kwa kadiri ilivyojulikana, walikuwa wanapumzika.

"Umechoka, mzee," akasema.

"Nimechoka."

"Kaka yako alikikaza, lakini hakuna kilichokazwa na mtu kisichofunguliwa na mtu. Ninayo siki, ninayo grisi. Kutwa moja nakitoa. Ukitaka, nitakufungulia uende." Akaichukua bisibisi, akaingiza mkono majini, akakipapasa kizibo mpaka akakipata. Alikuwa amekwisha kuamua kutolia. "Kushoto," akasema, "bila kumwonea mtu aibu."

Mpaka rangi aliiangalia barabara ambako kofia ya kaka yake ilikuwa bado inaonekana kwa mbali. Aliuangalia mkono wa mkewe ndani ya maji. Safari hii hakuangalia pembeni. Kisha akasogeza mguu, akausukuma mkono ule taratibu, akaweka kisigino juu ya kizibo.

"Kesho atapita tena," akasema. "Niongezee maji ya moto."